Nilipendekeza Wakili na Afisa wa Ardhi Washukuriwe, Sasa Kipande Changu Ndicho Shukrani

Admin, jina langu liache kabisa, na watu wa ukoo wetu wakijitambua humu shauri yao. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na tatu, naishi New Hope hapa Minnesota, na kazi yangu ni kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Minneapolis. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Baba yangu alizaliwa kwenye shamba ambalo mkoloni aliliandikia hati akampa mzungu mwenzake. Familia ilifukuzwa baba akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Uhuru ukaja, mzungu akaenda kwao, lakini ile hati haikwenda popote. Iliuzwa kwa tajiri mmoja, na sisi tukabaki kuzunguka kortini. Babu alikufa kesi ikiendelea. Faili ikapotea, ikapatikana, ikapotea tena. Mimi nimekua nikisikia neno "kesi" kuliko jina langu.

Miaka michache iliyopita tukapata wakili, mama mmoja mtulivu, ambaye alikaa na makaratasi yetu kama ya kwake. Na katika ofisi ya ardhi kukawa na afisa aliyefukua ramani ya zamani inayoonyesha boma la babu. Mwaka huu korti ikaamua shamba ni letu. Baba akatugawia kwa mchoro, ndugu zangu watatu na mimi. Mimi binti nikapewa kipande cha juu, palipokuwa na nyumba ya nyanya, kwa sababu baba alitaka nimjengee hapo arudi kwao. Nililia kwenye gari hadi nikachelewa kazini.

Sasa sikieni nilivyojichimbia shimo. Jumamosi moja tulifanya mkutano wa ukoo kwa simu ya video. Baba hakuwepo, alikuwa na homa. Mimi nilikuwa kazini, kwenye chumba cha mapumziko, chakula mkononi, furaha imenipanda kichwani. Nikaomba nafasi nikasema wakili na afisa wasiondoke mikono mitupu, wakatiwe kipande cha ardhi wakumbuke kazi yao. Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiona mtu wa maana.

Kwetu, anayetoa hoja ndiye anayeanza kutoa. Ukisema kanisa lijengwe, bati la kwanza ni lako. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini nimekaa hapa miaka kumi na minne, mikutano ya huku unatoa maoni, unamaliza chai, unaenda zako. Nikasahau. Kaka yangu mkubwa, tumwite Sila, akasema, "Asante dada, umesema vizuri. Basi tuanze na chako." Nikacheka, nikadhani ananitania. Kumbe katibu anaandika.

Wiki mbili baadaye nikatumiwa fomu ya kukubali. Kipande changu chote kimekatwa katikati, nusu ya wakili, nusu ya afisa. Ndugu zangu hawajatoa hata futi moja. Nilipompigia Sila aliniambia mimi nilishatoa kwa niaba ya wote, na isitoshe mtu aliye Amerika anataka shamba la nini, atalipeleka wapi. Yaani shamba ni la walio nyumbani, lakini ikifika wakati wa kutoa nakumbukwa mimi kwanza. Haki nilikata simu.

Wakili sina ubaya naye. Nilimpigia, na kabla sijafungua mdomo akanishukuru huku analia, akasema hakuna mteja aliyewahi kumfikiria hivyo. Nikashindwa kumwambia. Lakini afisa! Yeye analipwa mshahara na serikali kwa kazi hiyo hiyo, na sasa anasema hati zetu ziko tayari ila anasubiri karatasi yangu kwanza. Nilimuuliza mzee mmoja wa kanisani Saint Paul anayejua mambo ya sheria. Akaniambia hiyo ni hongo hata tukiiita shukrani, na jina litakalokuwa kwenye karatasi ni langu peke yangu. Nilipomweleza Sila, akasema nikikataa basi nimweleze baba mwenyewe kwa nini hati imekwama.

Juzi baba akanipigia. Amesikia nachelewesha sahihi. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Alisema yeye hataki mali, anataka kuingia pale akiwa bado anatembea kwa miguu yake, na kwamba kama ni kipande kidogo cha kuwapa hao watu, niachilie, ardhi ni kubwa. Hapo nikajua hawajamwambia ni kipande gani. Anafikiri ni kule chini kwenye mawe.

Kisha akasema, "Ukishaweka sahihi, mwambie fundi mlango utazame mto. Mama yangu alipenda kukaa mlangoni akitazama mto."

Nikamwambia, "Sawa, baba." Ndivyo nilivyojibu. Mtu mzima na akili zangu.

Ijumaa ndiyo miadi yangu ya kuweka sahihi mbele ya shahidi. Nikisaini, baba anapata hati yake, lakini pale kwa mama yake panakuwa pa mtu mwingine, na mimi nimetoa hongo. Nisiposaini, anaweza kufia kwenye chumba cha kupanga anachoishi sasa akiamini ni mimi niliyemzuia. Nikimwambia ukweli, atagombana na wanawe wote, na ana miaka zaidi ya themanini. Msinitukane kwa kupendekeza, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, wenzangu: nimpigie baba kabla ya Ijumaa, au baada?