Berardo Aliyeupa Mlima Mgongo

Kwetu Castelruvo kuna vitu viwili vya kutazama: mlima Gran Sasso na watu wanaopita. Mlima hauendi popote. Haujawahi kufumaniwa, haujawahi kutoroka na muuza viatu kama alivyofanya mume wangu, sasa utautazama wa nini? Ndiyo maana benchi la uwanjani, mkabala na baa yangu, liliupa mlima mgongo likatazama nyumba zetu. Watalii waliosafiri siku nzima kuja kuupiga picha mlima huo waliondoka na picha ya mlima pamoja na wazee wanne walionuna mbele yake.

Wa kwanza kushoto ni Berardo, tarishi mstaafu, miaka sabini na minne, pua kama kitasa cha mlango. Huyu ndiye ninayetaka kumsema leo. Nitamsema ninavyotaka, maana anasoma polepole na hapa mwisho hatafika.

Berardo si mwenyeji. Amezaliwa Pietranera, kilomita tatu ukishuka bondeni, na ameishi kwetu miaka arobaini na mitano tu. Alikuja na baiskeli ya posta, akamwona Concezia binti wa mwoka mikate, kwisha habari yake. Jumapili moja akaalikwa chakula cha mchana kwa kina Concezia, aje aseme neno lake mbele ya baba mtu. Concezia alikuwa jikoni tangu Ijumaa, akiviringisha vidonge vya nyama vya kutia kwenye tambi. Kwetu kidonge cha nyama kina ukubwa wa njegere. Ukikiona kimezidi hapo, ujue mpishi ni mvivu au anatoka Pietranera. Aliviringisha zaidi ya mia nne.

Berardo akatazama sahani, akachoma kimoja kwa uma, akakiinua kwenye mwanga, akacheka.

"Kwetu Pietranera," akasema mbele ya baba, mama na mashangazi watatu, "kidonge cha nyama ni kitu kinachoonekana kwa macho."

Ulimi hauna mfupa. Concezia aliiondoa ile sahani mbele yake, akampa mbwa, akamwonyesha mgeni mlango. Hiyo ni miaka thelathini na tisa iliyopita, na tangu siku ile hawakusemezana. Huyu hakuoa, yule hakuolewa. Kwa miaka ishirini na sita Berardo alimpelekea barua akizipitisha chini ya mlango bila hata hodi. Concezia akiwa na ya kutuma aliidondosha kutoka dirishani, na aghalabu ilimpata kichwani.

Lakini macho hayana pazia. Berardo alipostaafu alihamia benchini, na kutoka benchini unaliona dirisha la chumba cha Concezia, ghorofani, katika nyumba iliyopakana na baa yangu. Mzee anayeishi peke yake kwetu hufungua mbao za dirisha lake asubuhi, mtaa ukajua ameamka salama. Zikibaki zimefungwa, mtu anaenda kumgongea. La Concezia lilifunguka saa kumi na mbili na nusu kila siku ya Mungu, theluji au jua. Berardo akiliona limefunguka anashusha pumzi, anavuka uwanja, anakunywa kahawa. Kahawa kabla ya dirisha sijawahi kumuuzia. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu yeye alikuwa amekaa tu, kama wenzake. Mtu akikaa benchini haulizwi anatazama nini.

Ndipo meya wetu Pierluigi, ambaye ni daktari wa meno, akapatwa na mawazo. Akaleta mtaalamu wa utalii kutoka mjini, bwana mwenye kaptura iliyopigwa pasi. Bwana huyo akazunguka siku tatu akitikisa kichwa, kisha akatoa maagizo. Madirisha yote yapakwe rangi moja ya kijani, kila dirisha liwe na vyungu viwili vya maua mekundu. Viti vyangu vya plastiki vitoweke uwanjani maana vinaharibu picha. Na benchi ligeuzwe, litazame mlima.

"Mheshimiwa," nikamwambia Pierluigi, "mlima tunaujua."

"Unaujua wewe, Loredana. Mgeni je? Hujasikia, mgeni njoo mwenyeji apone?"

"Mwenyeji alikuwa haumwi."

Hakunisikia. Watu wa meno wamezoea kuongea na mtu aliyeachama asiyeweza kujibu.

Benchi likageuzwa Jumapili jioni. Jumatatu wazee wakakaa, wakautazama mlima kama nusu saa hivi. Mmoja akauliza, "Sasa huu unafanya nini?" Mwenzake akajibu, "Umekaa." Wakaondoka watatu wakahamia ngazi za kanisa. Berardo peke yake akabaki, kwa kuwa pale kanisani dirisha la Concezia halionekani.

"Simama basi katikati ya uwanja utazame," nikamwambia.

"Nimkodolee macho mbele ya watu kama mgonjwa wa mapenzi? Kwa umri huu?"

"Kwani si ndivyo ulivyo?"

"Funga domo, Loredana."

Jumatatu na Jumanne alikaa akitazama mlima huku shingo ameipindua kama bundi. Jumatano shingo ikagoma kabisa, ikawa ngumu kama mkate wa wiki jana. Akaja na kioo chake cha kunyolea. Akakaa mkao wa meya, uso kwa mlima, kioo juu, akitafuta dirisha nyuma yake. Watalii wakajaa kumpiga picha. Nilimsikia mmoja akimwambia mumewe, "Hawa wanaume wa Kiitaliano kwa kujipenda! Mlima wote ule, yeye anajitazama mwenyewe."

Baada ya muda akavuka uwanja, uso umemchangamka. "Limefunguka," akasema. "Leta kahawa."

Akanywa, akaomba ya pili, akacheza karata. Ilipofika saa nne akaingia mama mmoja wa Kijerumani aliyepanga nyumba ya wageni inayopakana na ya Concezia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo ambalo halimo kwenye kitabu cha watalii.

"Samahani, mama," akaniuliza, "ile desturi yenu ya asubuhi maana yake nini?"

"Desturi ipi?"

"Ya kugonga ukuta! Jirani yangu amenigongea tangu alfajiri. Na mimi nikamgongea. Tumegongeana mpaka saa tatu, kisha akachoka. Inapendeza sana!"

Berardo akaweka karata mezani. "Dirisha lako ni lipi?"

"Lile la kulia. Leo nilifungua mapema, nipige picha jua likichomoza mlimani."

Miaka yote Berardo amelijua dirisha la Concezia kuwa la kushoto. Kwenye kioo, la kushoto ni la kulia. Na siku hizi yote mawili kijani kile kile, maua yale yale, kwa amri ya serikali ya kijiji. Akatoka nje, akageuza mwili mzima kwa kuwa shingo ilimkatalia, akatazama juu. La Mjerumani lilikuwa wazi. La Concezia lilikuwa limefungwa.

Jamani, yule mzee alikimbia! Sikuwahi kumwona akikimbia hivyo, hata mbwa wa mchinja nyama alipokuwa akimfukuza na mfuko wake wa barua. Alipofika mlangoni akasimama ghafla. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa, kwa nje, kama ulivyo kwenye kila mlango wetu. Miaka thelathini na tisa ulikuwa hapo hapo, na hakuwahi kuugusa.

"Fungua, wewe mzee!" nikampigia kelele mgongoni.

Akafungua. Concezia alikuwa ghorofani, sakafuni, kati ya kitanda na dirisha, nyonga imevunjika, kiatu cha mbao mkononi. Alimtazama Berardo kuanzia viatu mpaka kwenye pua ile.

"Umechelewa," akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwa yule bwana tangu Jumapili ya vidonge.

"Waligeuza benchi. Nikatumia kioo."

"Kwani shingo huna?"

"Imekaza."

"Pumbavu wee," akasema Concezia, akamshika mkono. Berardo akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Nililia na mimi, sifichi. Mjerumani naye alilia pale kizingitini, ingawa sidhani alijua analia nini.

Gari la wagonjwa lilipoondoka na Concezia, Berardo akaenda kwake akarudi na spana. Saa sita mchana, mbele ya kila mtu, akaanza kulifungua benchi. Mimi nikazipokea bolti kwenye aproni. Pierluigi akaja mbio, glavu za kung'olea meno bado mikononi.

"Mzee Berardo! Hiyo ni mali ya umma!"

"Na mimi ni umma. Shika upande ule."

"Na mandhari je? Mlima?"

"Utasubiri. Shika upande ule, nimesema!"

Akashika. Tangu siku hiyo hakuna aliyelileta tena suala hilo kwenye kikao.

Wiki ya saba Concezia akarudi na magongo mawili. Jumamosi ya kwanza alijitokeza dirishani, uwanja umejaa watu, akapaza sauti: "Wewe wa Pietranera! Kesho saa saba mchana. Na usichelewe tena!"

Na mimi nilikwenda, sikualikwa, nilisingizia kuleta mkate. Berardo alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, amevaa tai. Akaanza kumsifu mwenye nyumba.

"Wewe ni mtu wa alfajiri, Concezia. Saa kumi na mbili na nusu. Hukukosea hata siku moja."

"Alfajiri? Mimi?" Concezia akaguna. "Nafungua dirisha ulione, halafu narudi kulala mpaka saa tatu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipostaafu. Miaka kumi na mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa nalala kama binadamu."

Concezia akaweka sahani mbele ya Berardo, tambi na vile vidonge, vidogo zaidi ya njegere safari hii, nadhani makusudi. Mzee akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ile tai, akaivaa. Akainama mpaka pua ikakaribia kuingia mchuzini.

"Naviona, Concezia," akasema. "Naviona vyote."

Akala mpaka cha mwisho, na mbwa hakupata kitu.