Moshi wa Jioni katika Daftari la Baba

Baba yangu alilipwa kutazama moshi. Nilipowaambia walimu wangu hivyo walidhani nawafanyia mzaha, lakini ndiyo kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja katika kiwanda cha vitambaa. Alipanda juu ya paa, akanyoosha mkono ulioshika kadi yenye rangi tano, kuanzia nyeupe hadi nyeusi tititi, akaichungulia dohani, lile bomba refu la moshi, kupitia tundu la katikati, kisha akaandika daftarini namba ya rangi iliyofanana na moshi. Moja ni heri. Tano ni balaa. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu kanuni ya kiwanda ilisema hivyo, na Baba na kanuni walikuwa chanda na pete.

Wenzake walimwita Bwana Mawingu. Nyumbani alikula macho yakiwa dirishani. Ukimwomba chumvi anakujibu habari za upepo. Mama alisema aliolewa na nusu mtu, nusu nyingine iko angani. Mimi nilimpenda hivyohivyo, ingawa kuna siku alinitia hasira.

Miaka mitatu iliyopita kiwanda kilifunika paa lote kwa paneli za sola. Baba akawa anatembea katikati yake polepole, kama mtu anayepita kando ya bwawa asitake kuwashtua samaki. Mitambo ya umeme wa mafuta ikapumzishwa mchana, na namba za daftari lake zikashuka: tatu, mbili, moja. Akirudi nyumbani alijinyoosha kwenye kochi, akafumba macho, akaanza kutusimulia anga aliloliona likija, jeupe, jepesi, halina hata uzi wa moshi. Usingizi ulimchukua kabla hajalimaliza.

Wakati huo mimi nilikuwa ofisi ya takwimu, kwenye meza inayojumlisha hewa chafu ya nchi nzima. Mita ya mafuta ya kiwanda cha Baba ilikufa zamani, kwa hiyo mafuta yaliyochomwa yalikadiriwa kutoka kwenye daftari lake. Msinicheke, mambo mengi huenda hivyo. Kiwanda kilikuwa kinazalisha maradufu, na moshi ulikuwa umepungua. Nikaandika kwenye ripoti sentensi niliyoipenda kupita kiasi: kiwanda hiki kinaonyesha kwamba uchumi unaweza kukua huku moshi ukipungua. Ripoti ilikuwa iende kuchapwa Ijumaa.

Jumatano nilipita nyumbani, nikamkuta Mama anaanua nguo. Akanitandazia shuka jeupe lenye madoadoa meusi.

"Nikichelewa kuanua tu, ndiyo haya."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu waanzishe zamu ya jioni. Baba yako ananiambia eti ni masizi ya jiko langu. Jiko langu la umeme, mwanangu!"

Nikaanza kuunganisha mambo. Umeme nafuu wa mchana ulikuwa umeleta wateja mwaka uleule wa paneli, wateja wakaleta mashine mpya, mashine zikadai zamu ya pili, na zamu ya pili ilianza jua likiwa linaziaga paneli. Hapo mitambo ya mafuta iliwashwa yote. Na saa hizo Baba alikuwa kwenye kochi, anaota anga lake.

Nilimwamsha bila adabu. "Baba, shika kadi yako twende."

Tulifika juu ya paa saa kumi na mbili kasoro. Anga lilikuwa la waridi, na moshi ulipanda ndani yake taratibu, mzito, mzuri hata, Mungu anisamehe. Baba akanyoosha mkono. Akapangusa kadi kwa shati, akanyoosha tena.

"Tano," akasema, akaketi kati ya paneli. "Miaka mitatu, mwanangu. Nilikuwa nimelala."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Aibu ilinishika mimi mwenyewe.

Kesho yake alimwambia meneja. Meneja akamkalisha kitako kwa upole. "Mzee, umebakiza wiki mbili ustaafu. Kanuni ni saa nne na saa nane, nawe umeifuata. Umekosa nini? Nenda na heshima yako."

Ijumaa asubuhi Baba alikuja ofisini kwangu kwa mara ya kwanza, kavaa kofia ya kazi, madaftari matatu kwapani. Katika kila ukurasa alikuwa amechora kwa penseli safu mpya, *jioni*. Zote zilikuwa tupu.

"Niweke sifuri?" nikauliza, maana jedwali langu halikubali nafasi tupu.

"Usithubutu! Sifuri ni ya mtu aliyetazama akakuta hakuna moshi. Mimi sikutazama. Andika hivyo."

"Watu wataisoma ripoti hii nchi nzima, Baba. Wenzako watajua ni wewe."

"Wajue."

Nikaifuta sentensi yangu, na iliniuma. Mahali pake nikaandika: *Jioni, kwa miaka mitatu, mtazamaji hakutazama.* Baba akainama akasoma, midomo ikicheza. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Alisimama palepale, kofia sasa mkononi, macho kwangu mimi na si dirishani.

Nikashika tena kalamu, nikaongeza: *Na mjumlishaji hakuuliza.*