Haji wa Kampala

Nikiandika haya najua nyinyi mnaonijua mtacheka, chekeni tu, maana Mtambile nzima imeshacheka na sioni kwa nini nyinyi mbaki nyuma. Kuna watu wazima na ndevu zao mpaka leo wakipita nilipo hunisalimia, "Haji wa Kampala, hujambo?" na mimi naitika sijambo, nifanyeje, jina lenyewe nilijitafutia kwa miguu yangu.

Mambo yalianza na pikipiki ya Salim. Salim ni rafiki yangu, baba yake ana shamba la mikarafuu na duka, na pikipiki hiyo waliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao (ilikuwa na taa moja, lakini kelele zake ungesema zinakuja tatu). Mimi kazi yangu kuziba mipira ya baiskeli, na elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri, kwa hiyo nikikosea kuandika mnistahamilie. Basi Salim akapata fikra kwamba tuipakie pikipiki chomboni pale bandarini Wesha, tuteremke Tanga, tushike njia ya Mombasa, kisha Nairobi, mpaka Kampala, tukaone nchi za watu. Mimi alinitaka kwa ajili ya viraka, na hakunificha, alisema, "Faki, weye huna maneno mengi na unajua kuziba, mtu wa safari ndiye huyo."

Kila alasiri tukawa ghalani kwao, tumekaa juu ya magunia ya karafuu, tumeinamia ramani aliyoichana katika kitabu cha skuli. Salim alipima kwa kidole, na toka Tanga mpaka Kampala haikufika vidole viwili.

"Unaona? Karibu."

Mimi nikatazama kidole nikaona kweli karibu, ila sikuridhika. Nikamuuliza petroli ikituishia katikati ya pori je, akasema tutabeba kwa debe. Nikamuuliza tairi likipasuka pasipo na mtu, akasema, "Si ndiyo kazi yako?" Nikamuuliza simba.

"Simba hapendi moshi," akasema. (Nampa haki yake, hakunidanganya, aliamini hivyo hasa.)

Toka siku hiyo chakula hakikunipita. Nikitia tonge mdomoni namwona simba asiyejali moshi. Nikawaza, mtu mzima utafia bara huko, pasipo na anayekujua jina, na nyumbani umeacha watu wana vinyongo nawe hata huvijui. Salim naye akaondoka na baba yake kwenda Unguja, baba kwa biashara zake, yeye kutafuta plagi na mpira mpya, akaniacha peke yangu na hofu yangu. Ndipo nikafanya kale kaamuzi kadogo ambako leo nikikakumbuka nataka kujificha chini ya kitanda: niende nikaombe radhi. Kwa mtu mmoja tu, kimya kimya, roho ipate kutulia.

Sasa nyinyi mnajua, na mimi pia nilikuwa najua, ila akili ilikuwa imebaki kwenye ramani. Kwetu mtu akienda Unguja anaaga, akienda Mombasa anaaga, yamekwisha. Anayekwenda kwa watu kuomba asamehewe ya duniani na ya akhera ni yule mwenye kwenda Makka. Na ulikuwa Mfunguo Mosi, mwezi ambao mahujaji wanafunga mizigo. Na nilikuwa natoka msikitini Ijumaa, nimevaa kanzu nyeupe, uso umenisawijika kwa mawazo. Mtu akiniona vile angefikiri nini? Simlaumu yeyote.

Nilikwenda kwa Bi Time, jirani yetu, mjane, mtu mzima sana, ambaye utotoni nimekula kwake kuliko kwetu. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo, umefiwa?"

"Sikufiwa, Bi. Nina safari. Nimekuja kuomba radhi, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua."

Ungo ukamwanguka. Akanishika mikono yote miwili.

"Safari ya mbali?"

"Ya mbali, Bi."

"Unakwenda na kina Salim?"

"Naam."

"Kwa chombo cha Wesha?"

"Naam."

Machozi yakamtoka, akasema, "Mungu akutakabalie, mwanangu, mie nimekusamehe duniani na akhera." Neno hilo "akutakabalie" ndilo wanaloombewa mahujaji, likanigonga, nikajua ameelewa kitu kingine, na mdomo niliufungua nimwambie. Lakini kumwambia ni kutaja pikipiki, na mama yangu, ambaye alikuwa Konde kumuuguza dada yangu aliyejifungua, katika arubaini yake, aliniachia neno moja tu alipopanda gari: "Nisisikie umelipanda dubwana lile la kina Salim." Nikawaza, nikitaja pikipiki hapa, habari itafika Konde kabla ya jua kuzama. Nikaufunga mdomo. Angalieni, sikusema uongo hata neno moja, kila nililoulizwa nililijibu kweli, na nimejitahidi sana kujitetea kwa hilo, lakini hata mimi mwenyewe silikubali.

Nilipofika kwetu tu watu walikuwa wameshaanza kuja. Hawakuuliza nakwenda wapi, wataulizaje jambo linalojulikana? Walikuwa wameniona na Salim tumeinamiana ghalani siku zote zile, wakajipa jibu kwamba kina Salim wamefanya ihsani, wanampeleka maskini hija. Wengine wakanishika mkono kwa heshima mpaka nikaona aibu ya kucha zangu zenye gundi ya viraka. Bwana Kombo, ambaye shamba lake la muhogo linapakana na banda letu, alikuja na fimbo yake ya mkwaju, akakaa kitako, akakohoa.

"Faki, kuna jambo nililiweka moyoni."

"Lipi, Bwana Kombo?"

"Mbuzi wenu. Alinilia muhogo wangu wote wa upande wa mgombani, na nilimwona, na nilijua umemfungua weye kwa uvivu wa kumkatia majani. Nilisema sitakusamehe mpaka kiama." Akavuta pumzi. "Lakini mtu anakwenda kwa Mola wake, mie nani? Nimekusamehe."

(Ni kweli nilimfungua. Muhogo aliula kweli. Sina la kusema hapo.)

Nikasema moyoni nitakwenda kwa Shehe wa msikiti nimweleze yote, yeye mtu mwenye elimu, atajua la kufanya. Nikaenda baada ya Alasiri, na kabla sijavua viatu yeye akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba Jumapili patasomwa dua ya kumuaga kijana wetu, kila mwenye uwezo alete kitu, hata kahawa. Watu wakageuka kunitazama. Mimi nikasema, "Inshallah." Hebu niambieni, mlitaka niseme nini?

Lakini hayo yote nisingeyaandika kama si Jumamosi yake. Bi Time aliniita ndani, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cha bafta kimekunjwa, kinanukia udi. Nikakijua kabla hajasema. Ilikuwa sanda yake.

"Nilijinunulia mwenyewe, zamani, marehemu mume wangu angali hai," akasema. "Ichovye maji ya Zamzam, uianike kwa jua la hukohuko, uniletee. Mie sitafika tena, miguu imekwisha, lakini nguo yangu itakuwa imefika."

Nikasema, "Bi Time..."

"Usiniahidi kitu. Ukipata nafasi tu."

Nikaipokea. Mikono yangu hii. Sikumbuki nilivyotoka pale, nakumbuka nimeiweka juu ya kabati na nimekaa kuitazama, na simba wa bara nikamwona afadhali, simba angekula akamaliza. Nikaazimia kwamba kesho, kabla ya dua kuanza, nitasimama nitasema. Na niliazimia kweli, Mungu shahidi.

Kesho yake uwanja wa msikiti ukajaa. Watu wametoka mpaka Mkanyageni, wanawake wako upande wa nyumba ya Shehe, kahawa inazunguka, halua imekatwa, mimi nimekalishwa mbele kwa kanzu mpya niliyoazimwa, na sanda ya Bi Time nimeipakata kwa sababu yeye mwenyewe alitaka isomewe dua pamoja nami. Kila nikitaka kusimama mtu ananishika bega, "Kaa, Haji, leo siku yako." Shehe akainua mikono. Watu wote wakainua mikono. Na huko kwenye njia ya Chake nikasikia kelele zile ninazozijua, kama zinakuja pikipiki tatu.

Salim. Katoka Wesha, alikoiacha pikipiki, moja kwa moja, uso mzima vumbi, mpira mpya kauvaa shingoni kama shada la maua, kaona watu wengi akadhani kuna harusi, kaniona mimi mbele, akapiga ukelele akiwa bado juu ya pikipiki:

"Faki! Plagi nimepata! Mpira nimepata! Kampala hiyo, bwana!"

Mikono ya Shehe ilibaki juu. Ndiye yeye wa kwanza kusema, kwa upole kabisa.

"Salim, Kampala ndiyo wapi?"

"Uganda, Shehe. Mimi na Faki, kwa pikipiki."

"Na Makka?"

Salim akanitazama mimi, akamtazama Shehe, akaitazama pikipiki yake. "Makka? Na hii? Bahari tutapitaje?"

Hapo ikaja sauti ya Bwana Kombo kutoka nyuma.

"Na muhogo wangu je?"

"Kombo, tulia," akasema Shehe.

"Situlii, Shehe. Mie radhi nilimpa mwenda Makka. Mwenda Kampala sikumpa. Anirudishie."

"Radhi hairudishwi kama sufuria, Kombo!"

"Basi alipe muhogo!"

Watu wakaanza, huyu anasema lake, yule anasema lake, kuna aliyekuwa amenisamehe matusi ya utotoni akayakumbuka upya, na wanawake upande wa pili wanacheka kwa kujiziba na kanga. Ningekuwa mwanamume ningesimama nikaeleza. Mimi nilikimbia. Nikamrukia Salim kwa nyuma, nikamwambia, "Twende, twende!" naye maskini bila kujua lolote akatia moto. Na mimi fundi wa baiskeli, ambaye kila siku nawaambia watu pandisheni kanzu kabla ya kupanda, kanzu sikuipandisha. Mnyororo ukaikamata. Hatukufika hata mwembe wa mwisho wa uwanja, kanzu ikavutwa, ikapasuka toka chini mpaka kwapani, pikipiki ikalala ubavu, Salim kule, mimi huku, nimebaki na fulana na kikoi kilichofunguka, mbele ya Shehe na mahujaji watarajiwa na Mtambile yote. Sanda nilikuwa nimeinyanyua juu kwa mkono mmoja. Haikugusa vumbi. Hilo peke yake nililifanya vizuri siku ile.

Aliyekuja alikuwa Bi Time. Alipita katikati ya watu kwa miguu yake ile aliyosema imekwisha, akavua kanga moja akanifunga kiunoni kama mtoto, akasema, "Nyamazeni, hamjaona mtu kuanguka?" Akanishika mkono tukaenda kwake.

Nikamwekea sanda mapajani. Nikamweleza yote, pikipiki, mama, simba, yote, na nikamwambia kosa ni langu kwa sababu nilijua toka neno lake la kwanza. Alinisikiliza akiipapasa ile bafta.

"Faki, mie nilikuuliza unakwenda Makka?"

"Hukuniuliza, Bi."

"Niliuliza chombo, niliuliza kina nani, mbona hilo sikuliuliza?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nilikuwa naogopa utasema siko, unakwenda kwengine," akasema. Akaikunja sanda, akaibusu, akairudisha sandukuni, akafunga. Nikamwambia njia yetu inapita Mombasa, na Mombasa ndiko mahujaji wanakopanda meli, huenda nikampata mtu wa kumpa. Akatikisa kichwa. "Nguo ya kuzikiwa haipewi mpita njia, mwanangu. Nilikupa weye kwa sababu ni weye."

Safari sikwenda. Mama alikuja na gari la Konde, na sitaandika aliyosema, alikuwa na haki nayo yote. Salim alikwenda na binamu yake, na nampa haki yake tena, alifika Kampala, na simba hakumwona hata mmoja. Kanzu ya watu niliilipa, na mbuzi sasa namkatia majani kila asubuhi huku Bwana Kombo akinitazama juu ya ua.

Na nimeapa, sitaaga mtu tena bila kutaja pahala kwanza. Nikienda Wete nasema nakwenda Wete, nasema na gari, nasema na siku ya kurudi, ndipo nasema kwaheri. Watu wananicheka. Bi Time hanicheki. Yeye ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza polepole:

"Na kwengine hupiti?"

"Sipiti, Bi."

"Haya, mwanangu. Nenda salama."