Kura Yangu kwa Mrushaji

Klabu yetu ya besiboli hapa Brussels ni ndogo, lakini ina ubao wa heshima. Umetundikwa kwenye chumba cha mikutano, na juu yake yamechongwa majina ya wachezaji waliotukuka. Langu lilikuwamo. Nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na glavu kubwa, na kwa misimu kumi nilidaka mipira ya mrushaji mmoja, Mkongo wa Lubumbashi mwenye saluni ya kunyolea huko Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini.

Mimi ni Mtanzania. Mchezo huu nilifundishwa sekondari na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Nilipohamia huku kufanya kazi ya kupiga picha za eksirei hospitalini, mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert, nilifurahi mno kumpata mtu wa kuongea naye Kiswahili uwanjani, hata kama chake na changu vilipigana vikumbo.

Msimu mmoja tulitwaa ubingwa. Mrushaji wetu alikuwa na miaka thelathini na minne, na mwaka uliotangulia bega lilimtesa hadi akashindwa kuinua mkono kumnyoa mteja. Baada ya majira ya baridi akarudi na shingo nene na mpira ulionichoma kiganja kupitia ngozi ya glavu. Kila Jumapili niliporudi nyumbani niliuloweka mkono kwenye maji ya barafu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anatumia dawa za kuongeza nguvu. Hakuna aliyempima. Mimi ninayeshinda kutwa nikitazama mabega ya watu, nilijua bega halirudi namna ile. Sikuuliza. Nilitaka kombe.

Wenzangu hawachoki kubishana kuhusu Ukumbi wa Heshima wa besiboli kule Marekani, kama wapigaji wakubwa wanaoshukiwa kutumia dawa wanastahili kuingizwa. Nami nilibishana nao. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa hatukumjua hata mmoja wao. Kisha mwaka juzi, mbele ya kamati yetu ya watu saba inayopigia kura majina ya ubao, likaletwa jina la rafiki yangu.

Jumamosi kabla ya mkutano nilishuka metro kituo cha Porte de Namur nikatembea barabara ya Chaussée de Wavre hadi saluni kwake. Nikasubiri mteja wa mwisho aondoke.

"Kaka," nikasema, "nakuomba unijibu kweli. Mwaka ule wa ubingwa, ulitumia dawa?"

Alifuta kiti kwa taulo, kisha akakifuta tena.

"Sasa njo unakuya kuniuliza? Siku zote zile ulikuwa unadaka, ukanyamaza."

"Nilikosea. Ndiyo maana nauliza leo."

"Bon. Nilijichoma sindano. Bega ilikuwa imekufa, na miye nilitaka kucheza tu. Ile saison moja. Zile ingine tisa zilikuwa zangu, ndugu yangu, jasho yangu mwenyewe. Donc, sababu ya moja munanifutia zote?"

Nilikuwa nimejiandaa kukanushiwa, si kuulizwa swali hilo.

"Ubao hauandiki misimu," nikamwambia. "Unaandika jina tu. Siwezi kukupigia kura wakati klabu haijui."

"Utabaambia?"

"Yako sisemi. Yangu nitasema."

"Alors toka," akasema bila kupaza sauti. "Nafunga."

Kwenye mkutano, mwenyekiti alisema hakuna kipimo wala kesi, na mtu haadhibiwi kwa minong'ono. Nilimwambia yuko sahihi.

"Lakini mimi sikuwa mtu wa minong'ono," nikaendelea. "Nilikuwa nadaka ile mipira. Niliamini kuna kitu hakiko sawa, nikajizuia kuuliza kwa sababu nilitaka kushinda. Kura yangu ni hapana. Na jina langu liondoeni."

Mmoja akasema nimezidisha. Mwingine akaniomba nilale kwanza, nifikiri. Nikawajibu kwamba nimefikiri kwa miaka, na sitoki mle ndani mpaka ombi langu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Likaandikwa. Jina lake halikupita, na wiki mbili baadaye langu likaondolewa. Mke wangu aliniuliza kama inaniuma. Nikamwambia inauma sana, lakini sirudi nyuma.

Msimu mzima rafiki yangu hakunisemesha. Nilimpigia simu, hakupokea. Nikaendelea kupiga.

Kisha, kwenye mkutano mkuu uliofuata, akaja amevaa koti lililopigwa pasi. Akasimama mbele ya wanachama wote, akasema kwa Kifaransa yale aliyoniambia saluni, kwa maneno machache, bila kumtaja mtu mwingine. Mwanachama mmoja akapendekeza jina lake lipigiwe kura upya, na safari hii mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Alishindwa kwa kura moja.

Nilimkuta nje akifunga vifungo vya koti.

"Ulinipigia?" akauliza.

"Nilikupigia."

"Na jina yako, utaomba bairudishe?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Weye uko kichwa ngumu." Halafu akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile. "Miye narudia mwaka kesho. Na kama banakatala, narudia tena."

"Rudia," nikamwambia. "Nitakupigia kila mara."

Tukatembea pamoja hadi kituoni.