Kitone cha Kijani kwa Fundi Pancha

Nani angemdanganya yule mama? Yeye ndiye aliyefunga vifaa vya kufuatilia malori ya kampuni nzima. Vya zamani madereva walivivuruga kwa vidude vya mfukoni. Vipya vilisikiliza setilaiti zinazopita karibu na dunia, mawimbi yake yana nguvu, hata chini ya bati havipotei. "Sasa mtajificha wapi?" aliwacheka.

Mumewe, dereva wa lori kuukuu, hakucheka. Alizoea kukata kona katikati ya safari na kuja kula nyumbani na binti yao. Mapenzi yakamzidi mke akili: kifaa cha mumewe akakifunga kwa sumaku, kibanduke. Mume akifika kituo cha mafuta alikiacha kwa fundi pancha, akaja kula, akirudi akakichukua. Ofisini waliona lori limepumzika. Utasema ni ujinga. Ni ujinga kweli, lakini mtoto alikuwa anamwona baba yake.

Mchana mmoja mvua ilinyesha vibaya. Mume alikula amesimama, akaaga mbio mbio. Hadi jioni mzigo ulikuwa haujafika, simu yake haipatikani, na habari zikaja kwamba barabara ya mlimani imeporomoka. Mama akaenda ofisini na mtoto. Mdogo wake mume, anayekaa pale mbele ya skrini, hakushtuka.

"Acha presha, shemeji. Kaka yuko kituo cha mafuta, namwona. Amelala huyo."

Hakuna aliyetumwa kumtafuta. Yule mama akisema ukweli, yeye na mumewe wote kazi hawana. Akamwachia shemeji mtoto, akakimbilia kituoni, akimwomba Mungu alikute lori nyuma ya kibanda cha fundi.

Halikuwepo. Kifaa kilikuwa juu ya rundo la tairi, kinawaka kijani.

"Leo kakisahau," fundi pancha alisema. "Alipita kasi kuelekea mlimani. Nilimpungia, hakuniona."

Mama alikinyakua, akatoka kwenye mvua, akashika barabara ya mlimani kwa miguu, analia kwa sauti wala haoni aibu. Simu ikaita.

"Shemeji! Anasogea! Kashaingia barabarani, si nilikwambia?" Nyuma yake mtoto alikuwa akipiga makofi: "Baba anakuja! Baba anakuja!"

Mama alisimama kwenye matope, kifaa kifuani.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi nimekishika. Tumeni watu mlimani."