Mpini wa Kinanda

Jumapili moja alasiri, nikiwa napanga vitabu vyangu, nilisikia redioni muziki wa kinanda kikubwa cha kanisa, na baada ya muda mfupi nikajua nimewahi kuusikia. Mtangazaji alikuwa ametaja mtunzi, mtu wa karne ya ishirini. Jina lake sikulijua. Nilichokijua ni mahali pamoja tu, ambapo sauti nene hubaki peke yake kwa muda mrefu, kisha hulegea na kushuka kama mtu anayesinzia. Niliweka vitabu chini nikapasubiri mahali hapo.

Mara ya kwanza niliusikia nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, upande wa Mkunya, Mwingereza akiwa bado anatawala. Nililelewa na bibi. Aliyepita Newala kwetu anajua hali ya kule juu mlimani: maji yalikuwa bondeni, na asubuhi zetu ziliishia njiani. Tukirudi, bibi alitwanga makopa ya muhogo nami nikachekecha unga. Alitwanga kwa mwendo mmoja, haharakishi wala hapunguzi. Hata ukiwa umefumba macho ulijua ni yeye, si jirani.

Mwendo huo ndio uliompa kiti kanisani. Vikanyagio vya kinanda chetu kidogo vilikuwa vimeoza, basi seremala akatoboa nyuma ya sanduku akaweka mpini wa kusukuma upepo kwa mkono. Mpini wenyewe ulikuwa kipande cha mchi wa bibi uliovunjika. Kwa kuwa mchi ni wake, na mwendo wake haubadiliki, akaambiwa ausukume yeye. Bibi hakujua kusoma, na kitabu cha nyimbo alikishika juu chini, lakini hakuna wimbo ulioanza kabla hajamwashiria kwa kichwa mwalimu aliyekuwa akipiga. Aliketi mbele kabisa, amevaa kanga ambayo siku nyingine ilikaa sandukuni.

Kisha padri akaletewa santuri ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sahani moja ya muziki wa kinanda. Akatangaza kwamba siku ya Pentekoste tutaisikia baada ya ibada. Watu wakiipenda, ataagiza sahani za nyimbo, na kinanda kibovu kitapelekwa Masasi kikavunjwe. Jirani yetu Myao, mtani wa bibi, hakumwacha wiki nzima.

"Sasa shoga, utapuliza nini? Moto wa jikoni?"

"Nitakupuliza wewe mpaka ng'ambo ya Ruvuma."

Alijibu hivyo, lakini unga wa wiki ile ulibaki na chenga. Najua, kwa sababu niliuchekecha mimi.

Siku ilipofika, ibada iliimbwa bila kinanda, kwani kilikuwa kimesogezwa kando kuipisha santuri, na bibi akaenda kuketi nyuma na wanawake wengine bila kuambiwa. Baadaye padri akazungusha mkono wa santuri mara chache, akaweka sindano. Sauti zikatoka zikigombana, nyembamba juu, nene chini, bila wimbo wa kufuata.

"Humo mmeingia nyuki," mtani akasema, wala si kwa kunong'ona.

Mwalimu akaeleza kwamba ndio muziki mpya wa huko. Bibi alikuwa akisikiliza kitu kingine. "Anayepuliza huyo ana kifua," akaniambia. "Ila hana wa kumpokea."

Hapo sauti nene ikabaki peke yake, ikashika, ikashika, halafu ikaanza kulegea. Santuri ilikuwa inaishiwa nguvu. Watu wakacheka. Padri akasimama tu, hajui aizime au aiache. Bibi akapita katikati ya mabenchi.

"Baba padri, nipishe. Amechoka huyo."

Akashika ule mkono akauzungusha kwa mwendo wake wa kinuni. Sauti ikapanda taratibu, ikarudi mahali pake, ikaendelea hadi mwisho naye amesimama pale pale. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtani wake alisema tu, "Haya, Mmakonde, umepata mchi mwingine."

Jumapili iliyofuata kinanda kilikuwa mahali pake, na bibi kwenye kiti chake. Padri alisema kwamba ikiwa kinanda na santuri vyote vinahitaji mtu, haoni sababu ya kumwondoa mtu.

Miaka ya baadaye kinanda kile kililiwa na mchwa. Nilipita kuangalia, na pale kiliposimama pana kipaza sauti. Sahani sijui iliishia wapi. Makopa siku hizi hupelekwa mashineni, na mlio wa mashine ni ule ule, hata aisimamie nani.

Redioni mahali pale palifika. Sauti nene ilishika, ikashika, ikapita bila kulegea. Nami sasa nakaribia umri aliokuwa nao bibi siku ile, na ndipo nilipoelewa kwamba mtunzi hakuandika vile nilivyousikia kichwani miaka yote. Kulegea kulikuwa kwa santuri. Kupanda kulikuwa kwa bibi.

Muziki ulipokwisha, mtangazaji alitaja mtunzi, akataja mpigaji, akataja na kanisa. Nilisubiri kidogo kama ana mwingine wa kumtaja, yule anayepuliza, kisha nikazima redio.