Mtu wa Kupita Hapewi Mbwa

Miaka ya tisini nyani walikula mahindi yetu kijijini Muyama kana kwamba waliyapanda wao. Baba akasema anataka mbwa, na si mbwa koko. Alitaka mbwa wa polisi wa ukoo kamili, wale wa masikio ya kusimama na mgongo mweusi. Mimi nilikuwa binti mkubwa pale nyumbani, tena mwenye mdomo, kwa hiyo tuliondoka pamoja kumtafuta.

Tulianzia sokoni Kasulu. Muuzaji mmoja alikuwa na watoto wa mbwa ndani ya tenga, akiapa kuwa wote ni wa ukoo. Baba akaomba kumwona mama yao.

"Mama yao amesafiri," akajibu.

Nilimcheka mbele yake bila aibu. Muuza ndizi wa jirani akatuonea huruma, akatuelekeza Kabanga, kwa mjane wa askari aliyekuwa akifundisha mbwa. Alisema huyo mama ana mbwa wa kweli, ila ni mgumu kuwatoa.

Na kweli, kwa mjane huyo mambo yalikuwa mengine. Mbwa dume na jike walikuwa uani, manyoya yanang'aa, wamechanjwa kichaa. Mtoto hakuondoka pale kabla hajaacha kunyonya na kuzoea uji wa dagaa. Mimi nikamchagua mnene kuliko wote. Yule mama akatikisa kichwa, akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Watoto wote wakatimua mbio, na mnene wangu ndiye aliyeongoza. Kajike kamoja tu kakageuka, kakarudi kuunusa ule mfuniko.

"Huyo ndiye mlinzi," akasema. "Sasa niambieni, nyie ni wenyeji wa Muyama?"

"Nilivuka kutoka Burundi nikiwa kijana, mama," baba akajibu. Hata angenyamaza, Kiswahili chake kilikuwa kimeshasema.

Uso wa yule mama ukabadilika. Alitusimulia jinsi alivyowahi kumpa mbwa mtu aliyeletwa na vita, na siku moja mtu yule akahama na watu wake, mbwa akabaki mlangoni akingoja. Alimkuta amebaki mbavu.

"Mtu wa kupita hapewi mbwa wangu," akamaliza.

Damu ilinichemka. Mimi nilizaliwa Muyama! Nilifungua kinywa, baba akanishika mkono.

"Njoo utuone kwanza, mama. Ukikataa baada ya hapo, sitakulaumu."

Alikuja Jumamosi, akakataa hata maji kabla ya kuzunguka shamba. Nilimfuata nyuma nimenuna, maana nilijua safari hii haikuwa ya mbwa peke yake. Akasimama kwenye kahawa.

"Hii uliinunua?"

"Niliipanda mwenyewe."

"Kahawa mtu huiuza akaenda zake."

Baba hakubishana. Alimpeleka nyuma ya migomba, kwenye kaburi la bibi yangu, lililozungushiwa mawe na kufagiliwa.

"Huyu ni mama yangu. Nilimbeba mgongoni tulipovuka. Huyu nimwache na nani?"

Yule mama akachuchumaa, akang'oa jani moja lililoota kati ya mawe, akainuka.

"Ego," akasema kwa Kiha. Ndiyo. "Mna chakula?"

Alikula ugali wetu na maharage akaongeza. Kajike tulikapata kwa desturi ile ile ya Waha ya kugabirana ng'ombe: mtoto jike wa uzao wa kwanza anarudi kwa aliyekupa, na ninyi mnakuwa watu wa nyumba moja. Nilimbeba mwenyewe kutoka Kabanga, nimemfunga kwenye kanga, na kila aliyeniuliza njiani nimebeba nini nilimjibu kwa sauti ya juu.

Nyani walimjua mapema. Na alipozaa, baba alivaa koti lake la kanisani, akampelekea yule mama jike mzuri kuliko wote, ingawa nyumbani tulilia. Tangu hapo, mtu yeyote wa Muyama aliyetaka mbwa Kabanga aliambiwa apite kwanza kwa baba, akaguliwe.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, Muha halisi, ambaye zamani alizoea kutuita wale wa ng'ambo. Baba alilizunguka shamba lake polepole, mikono mgongoni. Nilikuwepo, na nilijaa fahari hadi nikakosa pa kuiweka. Mwisho akasimama, akamtazama usoni.

"Na wewe, mzee mwenzangu, mwakani utakuwepo hapa?"

Yule bwana, ambaye babu zake wote wamelala Muyama, akavua kofia na kujibu kwa adabu kabisa kwamba atakuwepo.